Taa Mbili kwa Pikipiki Kongwe: Hesabu ya Umeme na Mwanga

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi, akisha kuvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hupita Somanga, kisha Tingi, ndipo afike Nangurukuru, njia panda ya kwendea Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Mchana barabara hiyo ni ya kawaida. Usiku mambo hubadilika. Malori ya saruji kutoka Mtwara huja kwa kasi kutoka kusini, mbuzi hulala juu ya lami yenye joto, na lori bovu laweza kuwa limeegeshwa ukingoni bila taa yoyote. Katikati ya hayo yote hupita pikipiki ndogo iliyompakia mgonjwa apelekwaye Hospitali ya Kinyonga huko Kivinje, au mchuuzi aliyefunga tenga la samaki nyuma yake. Kumwona mbuzi akiwa umbali wa mita 70 badala ya mita 50 si jambo dogo kwa watu hao.

Pikipiki nyingi za siku hizi zimetoka India na China, nazo hutumia umeme wa volti 12. Lakini injini za zamani hazijatoweka zote. BSA Bantam, Jawa 350 ya miaka ya 1970, Suzuki A100, hata Honda CG125 za mwanzo, zote zilitengenezwa kwa umeme wa volti 6. Fundi stadi huweza kuichukua injini ya namna hiyo, akaiweka katika fremu ya pikipiki nyingine, akatafuta tangi kwingine na usukani kwingine, mpaka chombo kikawa hakina jina moja. Mwenye chombo akisha kukipenda, ombi lake la kwanza ni moja: kifungwe taa mbili za mbele. Kazi yenyewe yaonekana kuwa nyepesi, matundu mawili na nyaya chache. Baada ya wiki moja betri imekufa, taa zote mbili ni nyekundu kama makaa, na fundi analaumiwa. Kosa huwa halikutokea katika ufungaji bali katika hesabu ambayo haikufanywa, na hesabu hiyo haizidi ile ifundishwayo katika somo la fizikia la shule ya sekondari.

Umeme wa pikipiki hutoka wapi

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha mjini London kwamba usumaku unaobadilika karibu na waya huzalisha msukumo wa umeme ndani ya waya huo. Gurudumu zito lililo ubavuni mwa injini ya pikipiki, ambalo mafundi huliita magineti, halifanyi kazi nyingine isipokuwa hiyo. Sumaku zimepachikwa ndani ya ukingo wake, nazo huzunguka kando ya koili za waya wa shaba zilizotulia. Msukumo upatikanao hutegemea mambo matatu: nguvu ya sumaku, idadi ya mizunguko ya waya katika koili, na kasi ya injini. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutoa theluthi ya msukumo wa injini hiyohiyo ikizunguka mara 4,500. Ndiyo sababu taa ya pikipiki ya zamani hufifia mwendeshaji anapopunguza mwendo kupita kwenye mchanga, yaani mahali pale pale anapohitaji kuona vizuri zaidi.

Wengi hudhani kwamba kuitoa pikipiki katika volti 6 na kuitia katika volti 12 ni kuiongezea nguvu. Dhana hiyo yafaa kupimwa. Ichukuliwe kwamba fundi ameifunga koili upya, akiongeza mizunguko ya waya mara mbili ili msukumo uwe mara mbili. Nafasi kwenye chuma cha koili ni ileile, kwa hiyo waya mpya lazima uwe mwembamba, eneo la mkato wake likiwa nusu ya lile la kwanza. Waya umekuwa mrefu mara mbili na mwembamba mara mbili, basi ukinzani wake umekuwa mara nne. Nguvu kubwa kabisa ambayo chanzo cha umeme kinaweza kuitoa hupatikana kwa kuchukua mraba wa msukumo na kuugawa kwa ukinzani wake mara nne. Mraba wa mbili ni nne. Nne kugawa kwa nne ni moja. Sumaku ni zilezile, shaba ni ileile, na wati ni zilezile.

Hata hivyo volti 12 zina faida yake, nayo ipo kwenye nyaya. Taa mbili za wati 35 zinahitaji wati 70. Kwa volti 6 mkondo wake ni ampea 11.7; kwa volti 12 ni ampea 5.8. Kwa kuwa joto linalopotea katika waya hufuata mraba wa mkondo, upotevu katika waya uleule hupungua kufikia robo. Aidha, balbu, betri na vipuri vya volti 12 hupatikana katika kila duka la vipuri, ilhali vya volti 6 ni vya kutafuta kwa taa, kama msemo usemavyo.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi wanapoliona kwenye mita. Koili ya taa ya volti 6, ikiondolewa mzigo wake na injini ikaongezwa mwendo, huonyesha zaidi ya volti 12 za mkondo geu. Zile volti 6 zilikuwa zikishikiliwa chini na mzigo wa balbu na betri. Kwa hiyo mara nyingi hakuna haja ya kufunga koili upya. Kinachohitajika ni njia bora ya kuuchukua umeme uliopo.

Kuufungua mguu wa koili

Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani, ncha moja ya koili ya taa imelehemiwa kwenye chuma chake, yaani imeunganishwa na mwili wa injini, na ncha ya pili ndiyo itokayo nje. Umeme wa koili ni mkondo geu: hwenda upande huu, kisha hurudi upande ule. Betri haiwezi kuchajiwa kwa mkondo wa namna hiyo, hivyo huwekwa diodi, ambayo hupitisha umeme upande mmoja tu. Matokeo yake ni kwamba nusu ya kila wimbi huchaji betri, na nusu nyingine huzuiliwa bila kufanya kazi.

Fundi mwenye subira huiyeyusha ile lehemu, akaiinua ncha kutoka kwenye chuma, akaiunganisha na waya mpya wenye ngozi istahimiliyo joto na mafuta, na kuutoa nje ya injini. Sasa koili ina nyaya mbili na haigusi mwili wa pikipiki popote. Kabla ya kufunika injini, hupima ukinzani kati ya kila waya na chuma cha injini; mita ikionyesha kwamba njia ipo, kazi haijakamilika. Nyaya hizo mbili huingia katika daraja la diodi nne, ambalo huzigeuza nusu zote mbili za wimbi zikaelekea upande mmoja.

Daraja hilo kwa kawaida huwa ndani ya kisanduku kimoja na kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regyuleta. Hapa pana mtego. Fundi huona kwenye pikipiki ya kisasa regyuleta yenye miguu minne, akadhani ndiyo. Lakini ziko za miguu minne zilizotengenezwa kwa koili ambayo ncha yake imefungwa kwenye chuma. Hizo huchaji kwa nusu ya wimbi na kuilisha taa kwa mkondo geu. Ikifungwa kwenye koili iliyoinuliwa haitafanya kazi ipasavyo. Rangi za nyaya si ushahidi, maana kila kiwanda kina desturi yake. Kipimo cha kufanya ni hiki: kwa mita iliyowekwa mahali pa kupimia diodi, kila mmoja wa miguu miwili ya koili lazima upitishe kuelekea mguu wa chanya, na usipitishe kurudi. Mguu mmoja ukikataa, kisanduku hicho kiwekwe kando.

Kidhibiti hakiongezi umeme, huuzuia usizidi. Katika pikipiki za Kiingereza za mwishoni mwa miaka ya 1960 kazi hiyo ilifanywa na diodi ya Zener, iliyopewa jina la mwanafizikia wa Marekani Clarence Zener. Volti zilipokaribia kupita kiasi, diodi hiyo ilifungua njia na kuumwaga umeme uliozidi ukageuka joto. Ndiyo maana ilipachikwa kwenye pande la alumini lenye mapezi, mahali papigwapo na upepo. Vidhibiti vingi vya pikipiki vya leo navyo humwaga ziada kwa joto, kwa hiyo kukificha kidhibiti chini ya kiti, kati ya matambara na vyombo vya kazi, ni kukiua polepole.

Wenye BSA na ndugu zake wana tahadhari yao ya ziada. Katika pikipiki hizo betri ilifungwa na chanya kwenye fremu, kinyume cha desturi ya sasa. Kidhibiti cha kisasa kikiunganishwa kwa mpango huo bila kugeuza nguzo za betri, huungua mara moja, na hakuna atakayekifufua.

Bajeti ya wati

Ichukuliwe kwamba baada ya kazi hiyo koili hutoa wati 50 kwa mwendo wa barabarani, na wati 15 kwa mwendo wa pole. Taa mbili za wati 35, taa ya nyuma ya wati 5 na vijitaa vya wati 3 hufanya jumla ya wati 78. Barabarani pana pungufu ya wati 28, ambazo lazima zitoke kwenye betri: ampea 2.3 hivi. Betri ya ampea-saa 7 haifai kutolewa zaidi ya nusu ya akiba yake mara kwa mara, basi kilichopo ni ampea-saa 3.5, na akiba hiyo hudumu saa moja na nusu. Katika njia ya mchanga, kwa mwendo wa pole, pungufu ni wati 63, nayo betri hufikia nusu kwa dakika 40. Mgonjwa wa usiku wa manane hangojei betri.

Ziko njia mbili za kuisawazisha bajeti. Ya kwanza ni kutafuta magineti na koili za injini ya karibu katika ukoo wake zenye uwezo mkubwa. Ni njia nzuri pale zinapoingia bila kuchonga, na ni hatari pale zinapolazimishwa, kwa sababu gurudumu lisilokaa sawa kwenye ekseli yake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na mguu wa mwendeshaji. Ya pili ni kupunguza matumizi. Balbu za diodi ziangazazo, zilizowezekana kutoa mwanga mweupe baada ya uvumbuzi wa diodi ya buluu uliowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, hutosheka na wati chache. Mbili za wati 12, pamoja na wati 8 za vitu vingine, ni wati 32. Sasa pana ziada ya wati 18, na betri huchajiwa kwa ampea 1.3 hivi wakati taa zote zinawaka.

Lakini balbu hizo zina aibu yao, ambayo wauzaji hawaitaji. Kioo cha taa ya zamani kina umbo la parabola lililopimwa kwa ajili ya uzi mdogo wa balbu uliokaa penye fokasi. Chanzo cha mwanga kikikaa milimita chache nje ya hapo, miale haitoki sambamba. Hutawanyika, na sehemu kubwa huishia machoni mwa dereva wa lori linalokuja. Balbu ambayo vipande vyake vya mwanga havikai mahali pa uzi wa zamani isinunuliwe, hata ikiwa nyeupe kama mchana.

Volti zinazopotea njiani

Mwanga wa balbu ya uzi haupungui sawasawa na volti. Hupungua takriban kwa kipeo cha 3.4. Balbu ya volti 12 ikipata volti 10.8 tu, yaani asilimia 90, hutoa asilimia 70 ya mwanga wake. Ikipata asilimia 80 ya volti, mwanga hushuka chini ya nusu.

Waya wa shaba wenye mkato wa milimita za mraba 0.5, ukiwa na mita 4 kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.14. Mkondo wa ampea 5.8 hupoteza humo volti 0.8. Swichi ya zamani ya usukani, iliyokula chumvi ya upepo wa bahari mpaka shaba yake ikawa kijani, huweza kuongeza omu 0.1, na hapo hupotea volti 0.6 nyingine. Balbu zimebaki na volti 10.6: theluthi moja ya mwanga imepotea kabla ya kutoka kwenye kioo. Dawa yake ni rilei. Swichi ya zamani hubeba ampea 0.15 tu ya koili ya rilei, na mkondo mkubwa hupita njia fupi ya waya wa milimita za mraba 2, kutoka betri, kupitia fyuzi ya ampea 10, hadi kwenye taa. Upotevu hushuka hadi volti 0.2.

Waya wa kurudia nao usisahauliwe. Katika pikipiki nyingi kongwe taa ya mbele hurudisha umeme kupitia fremu, na ili kufika kwenye fremu umeme hupita katika gololi za shingo ya usukani, zilizojaa grisi. Waya mmoja wa kutoka kwenye taa hadi kwenye hasi ya betri huondoa ugonjwa ambao wengine huuhangaikia mwaka mzima.

Taa zenyewe zifungwe sambamba, kila moja ikipata volti zote. Zikifungwa kwa mfululizo kila balbu hupata nusu ya volti, na mwanga wake huwa chini ya sehemu moja ya kumi. Kuna hila ya kuzifunga mfululizo balbu mbili za volti 6 katika umeme wa volti 12. Hesabu yake ni sahihi na zitawaka vizuri. Ila uzi mmoja ukikatika, zote mbili huzima kwa mpigo, na pikipiki imo katika mwendo.

Taa mbili huonyesha mbali kiasi gani

Hapa ndipo matumaini huvuka kipimo. Mwanga uangukao juu ya kitu hupungua kwa mraba wa umbali. Ili kukiona kwa umbali wa mara mbili huhitajiwa mwanga mara nne. Mwanga ukiwa mara mbili, umbali huongezeka kwa kipeuo cha pili cha mbili, yaani mara 1.41. Taa moja iliyomwonyesha mbuzi kwa mita 50, ikiongezewa mwenzake, itamwonyesha kwa mita 71.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki huenda mita 16.7 kwa sekunde. Ikiwa mwendeshaji hutumia sekunde 1.5 kabla ya kushika breki, ameshakwenda mita 25. Na breki zikipunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, huhitaji mita 28 nyingine. Jumla ni mita 53. Kwa taa moja hafiki salama, kwa mbili anafika na akiba ya mita 18. Lakini akivutiwa na mwanga mpya akaongeza mwendo hadi kilomita 80 kwa saa, jumla hupanda kufikia mita 83, na akiba yote imeliwa.

Kuna hatari nyingine isiyofikiriwa sana. Dereva wa lori usiku hukadiria umbali wa gari lijalo kwa nafasi iliyopo kati ya taa zake mbili. Taa za gari dogo hutengana kiasi cha sentimita 120. Taa za pikipiki zilizotengana sentimita 20, zikiwa mita 100 mbele, hutoa machoni pake pembe ileile ya gari lililo mita 600. Huona nafasi kubwa ya kulipita lori lililo mbele yake, naye hutoka. Kwa sababu hiyo ni afadhali taa zipangwe moja juu ya nyingine, au katika dimu iwake moja tu, na ya pili iongezeke katika fulu pale barabara ilipo tupu.

Mwisho ni kulenga. Pikipiki husimamishwa mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani. Kimo cha kitovu cha taa hupimwa kutoka ardhini na kuwekewa alama ukutani, kisha mwale wa dimu hushushwa sentimita 5 chini ya alama hiyo. Taa iliyo sentimita 85 juu ya ardhi itaigusa barabara kwenye mita 85. Kipimo hicho kifanywe mwendeshaji na abiria wakiwa wameketi. Springi za nyuma zikibonyea sentimita 4 tu, katika pikipiki ambayo magurudumu yake yametengana sentimita 125, mwale huinuka sentimita 3.2 kwa kila mita, nao hupita juu ya barabara kwenda kuangaza minazi.

Kazi ikisha, mita huunganishwa kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Taa zikiwashwa na injini ikaongezwa mwendo, usomaji wapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Ukibaki chini ya 12.6, bajeti bado ina deni. Ukipita 15, kidhibiti hakifanyi kazi na maji ya betri yatachemka. Na betri ya tindikali ijazwe maji yaliyotoneshwa tu: maji ya visima vya pwani ya Kilwa yana chumvi, na kloridi iliyomo huzila bamba za risasi hata pale kila kitu kingine kimefungwa kwa usahihi.